Jarida la Ini na Jalada Lililolala



Mwenyekiti aliponiandikia aliniomba nizungumzie maendeleo ya utafiti. Nikamjibu kwamba mimi si daktari wala si mtafiti mkubwa. Ni afisa takwimu katika utumishi wa Serikali, na kazi yangu ni kuhesabu yale ambayo wengine wameyaona. Akasema, basi sema juu ya hicho unachokihesabu. Kwa hiyo nitasema juu ya ini, na juu ya majarida ya kitaalamu yanayoandika habari za ini, hasa yale matoleo yao yanayoitwa matoleo maalumu: jinsi yanavyopangwa, na jinsi mtu wa kwetu anavyoweza kuyachangia. Najua baadhi yenu mmekwisha kuanza kutazama upande wa jikoni. Pilau haijaiva, nivumilieni.

Wenzangu wa zamani watalikumbuka gazeti letu la ukutani, lililobandikwa nje ya bwalo. Kila juma lilikuwa na toleo la kawaida: matokeo ya mpira, mashairi, na malalamiko juu ya maharage. Lakini mara moja kwa mwaka, Siku ya Wazazi ilipokaribia, tulitoa toleo maalumu. Mwalimu mlezi alituita, akaandika ubaoni neno moja tu, tuseme "Maji", kisha akagawa kazi. Wewe wa Jiografia utaandika juu ya mto, wewe wa Kemia juu ya chumvi ya kisima chetu, na wewe wa kidato cha pili utamhoji mpishi anatumia ndoo ngapi kwa siku. Mwisho aliweka tarehe. Aliyechelewa hakupigwa. Nafasi yake iliachwa tupu ukutani, na juu yake kikaandikwa kichwa cha habari alichokuwa ameahidi. Wazazi walisoma mpaka wakafika pale patupu, wakauliza, "Na hapa je?" Aibu hiyo ilinipata nikiwa kidato cha tatu. Nilidhani imenifunza milele. Mtasikia kwamba haikunifunza.

Kwa nini ini

Mwaka 2017 tulimzika mwenzetu mmoja tuliyesoma naye hapa. Jina lake sitalitaja, lakini wa rika langu wanamjua, maana ndiye aliyekuwa akitugongea kengele ya alfajiri. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alianza kukonda, tumbo likajaa maji, na alipofika hospitali saratani ya ini ilikuwa imekwisha enea. Daktari alieleza kwamba chanzo ni virusi vya homa ya ini aina ya B, na kwamba yamkini alikuwa navyo tangu utotoni. Yaani alipokuwa akitugongea kengele, virusi vilikuwa kazini.

Ini ni kiungo kivumilivu. Huharibika kimya kimya kwa miaka mingi, na likianza kulalamika mara nyingi muda umekwisha kupita. Mtoto mchanga akiambukizwa virusi hivyo, kwa kawaida watoto tisa katika kumi hubaki navyo maisha yao yote. Mtu mzima akiambukizwa, walio wengi hupona. Virusi vyenyewe viligunduliwa na Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1976. Chanjo ya kwanza ilipata idhini Marekani mwaka 1981. Kwetu Tanzania iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo ninyi mliokaa mbele katika sare yamkini mliipata mkiwa wachanga, lakini sisi tuliokaa nyuma wenye vitambi hatukuipata utotoni. Ndugu zangu wa rika langu, nendeni mkapime. Hilo peke yake lingetosha kuwa hotuba nzima.

Tena si virusi peke yake. Iko sumukuvu, ambayo hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 mashariki ya Kenya, wakafa 125. Mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara. Mtu mwenye virusi vya B akila sumukuvu miaka nenda miaka rudi, hatari yake ya saratani ya ini huwa kubwa kuliko ya mwenye kimoja tu kati ya hivyo viwili. Iko pia kichocho cha tumbo, hasa kandokando ya Ziwa Victoria, ambacho hulikomaza ini kwa makovu. Na iko pombe.

Sasa, yote haya yalijulikanaje? Mfano mmoja. Mwaka 1973 wataalamu wawili, Peers na Linsell, walichapisha utafiti walioufanya Murang'a, Kenya. Walichukua sampuli za chakula kilichopikwa, kile kile watu walichokuwa wakila majumbani, wakapima sumukuvu. Kisha wakalinganisha na idadi ya wagonjwa wa saratani ya ini katika sehemu za juu na za chini za wilaya. Palipokuwa na sumu nyingi zaidi, saratani nayo ilikuwa nyingi zaidi. Lakini fikirini: ulinganisho huo usingewezekana kama hapangekuwa na mtu aliyeandika jina la kila mgonjwa na mahali alikotoka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata wagonjwa bila daftari hupotea bila habari.

Toleo maalumu hupangwaje

Jarida la kitaalamu ni mahali ambapo waganga na watafiti huandikiana yale waliyoyaona, baada ya wenzao wa fani hiyo hiyo kuyasoma na kuyakosoa. Yapo yanayoshughulikia ini tu. Hepatology lilianza Marekani mwaka 1981, na Journal of Hepatology likaanza Ulaya mwaka 1985. Mwaka huo wa 1981 lilianza pia Seminars in Liver Disease, ambalo desturi yake ilikuwa kila toleo kushika jambo moja chini ya mhariri mwalikwa. Kwa majarida mengine, toleo la namna hiyo huja mara chache, ndiyo maana huitwa maalumu.

Mpango wake ni ule ule wa mwalimu wetu mlezi. Mhariri mkuu hukubali jambo moja. Humwalika mtaalamu mmoja au wawili wawe wahariri wa toleo hilo. Hao huandika pendekezo: kwa nini jambo hili, kwa nini sasa, ni makala gani zinahitajika, na nani anaweza kuziandika. Hupanga ili sehemu zikamilishane. Mmoja atatoa muhtasari wa yanayojulikana, wengine wataleta utafiti mpya, mwingine ataeleza mgonjwa mmoja wa ajabu, mwingine atatoa maoni. Kisha hutangaza mwaliko na tarehe ya mwisho. Makala zikija, kila moja hupelekwa kwa wahakiki wasiomjua mwandishi kwa undugu wala kwa deni. Mhariri mwalikwa haruhusiwi kujiamulia makala yake mwenyewe. Hiyo huamuliwa na mwingine. DOAJ, ile orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bila malipo, imeweka sharti kwamba makala za wahariri waalikwa zisizidi robo ya toleo.

Faida yake ni kubwa kwa watu wa nchi kama zetu. Makala moja kutoka hospitali ya mkoa ikiwa peke yake ni rahisi kupuuzwa. Lakini ikiwa katikati ya makala kumi na mbili juu ya ini katika Afrika, huonekana. Anayetunga miongozo ya matibabu akifungua toleo hilo, hukuta picha nzima. Hasara yake ndiyo hiyo hiyo: asiyekuwamo huonekana kana kwamba hayupo duniani.

Jalada lililolala

Mwaka mmoja baada ya mazishi yale, daktari mmoja tuliyekuwa naye chuo kikuu aliteuliwa kuwa mhariri mwalikwa wa toleo maalumu la jarida moja la ini, juu ya magonjwa ya ini katika Afrika Mashariki. Akaniomba nimsaidie upande wa hesabu wakati wa kupanga. Nilifurahi kupita kiasi. Tulikaa jioni kadhaa tukaorodhesha makala za kutafuta, na moja ilikuwa ya hospitali ya mkoa fulani, ambako mtunza daftari wa maabara, mzee mmoja karibu na kustaafu, alikuwa ameandika kwa mkono wake kila aliyepimwa homa ya ini B kwa miaka kumi na moja. Umri, jinsi, kijiji, jibu. Kwa hati nzuri, bila kuruka siku.

Makala iliandikwa na daktari wa hospitali hiyo. Kabla ya kutumwa, majedwali yalitakiwa yapite kwangu niyahakiki na kuandika dokezo kwa wakubwa, ili kibali cha kuchapisha kiombwe. Jalada likaletwa kutoka masjala, likawekwa kwenye trei yangu. Siku hiyo nilikuwa na bajeti. Juma lililofuata nilikuwa na semina. Kisha ukaja uhamisho, nikafunga mizigo, nikaliingiza jalada kwenye kabati nikisema moyoni nitalirudia. Mhariri alipiga simu, nikasema, "Liko kwenye hatua za mwisho." Ndugu zangu watumishi mnaijua sentensi hiyo. Lilikuwa halijafika hata hatua ya kwanza. Tarehe ikapita. Jarida likaongeza majuma mawili, nayo yakapita.

Toleo likatoka. Lilikuwa zuri. Yule mzee wa maabara alisikia kwamba limetoka, akanipigia kwa furaha. Akaniuliza, "Bwana Takwimu, kwetu ni ukurasa wa ngapi?"

Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika. Katika jarida hawaachi nafasi tupu kama ukutani kwetu. Kurasa husogezwa zikajazana, na msomaji hajui kwamba kuna mkoa mzima haumo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nafasi tupu ya mwalimu wetu ilikuwa huruma. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii matumbo hayakuwa yangu.

Mara ya pili

Nilimwandikia mzee yule barua, si ya ofisi, nikamwambia ukweli kwamba kosa ni langu. Hakunijibu kwa miezi miwili. Kisha akaandika mstari mmoja tu: daftari bado lipo.

Miaka mitatu baadaye jarida jingine lilitangaza toleo maalumu juu ya homa ya ini B. Tukaanza upya. Safari hii majedwali niliyamaliza kwa siku nne, nikalipeleka jalada kwa mkono kutoka meza hata meza. Makala ikatumwa, na baada ya muda wahakiki wakarudisha maswali. Mmoja aliuliza: mbona katika miaka miwili ya katikati wenye virusi wamepungua ghafla, kisha wakapanda tena? Sisi wenye digrii tulitunga majibu mazuri. Labda ni elimu ya afya, labda ni uhamaji. Tukampelekea mzee asome.

Akacheka. Akatufungulia daftari lenyewe na kutuonyesha alama ndogo, kistari, katika safu ya majibu. Sisi tulikuwa tumekihesabu kistari kama "hana virusi". Yeye alikiandika kwa maana ya "vipimo vimekwisha, arudi siku nyingine." Watu ambao hawakupimwa kabisa tulikuwa tumewatangaza kuwa wazima! Kama makala ile ya kwanza ingetoka kwa haraka bila yeye kuisoma, uongo huo ungesafiri dunia nzima na majina yetu juu yake. Tulirudia hesabu zote, tukawaondoa wasiopimwa, na lile shimo la katikati likajifukia. Mzee mwenyewe akaandika aya inayoeleza jinsi daftari lilivyotunzwa.

Ndipo likaja suala la majina. Mkubwa mmoja alitazamia jina lake liwemo, kwa kuwa jalada lilipita kwake. Sasa, tangu mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba wamekuwa na kamati yao ya kuweka kanuni, na kanuni ya uandishi ni wazi. Mwandishi ni yule aliyechangia sana katika kufikiri, kukusanya au kuchambua. Akashiriki kuandika au kusahihisha. Akaikubali nakala ya mwisho. Na yuko tayari kujibu ikiulizwa. Mambo yote manne, si mojawapo. Kwa kipimo hicho mzee wa maabara alikuwa mwandishi kamili, na mkubwa wetu alistahili shukrani mwishoni. Ilinibidi niende kumweleza. Sikulala vizuri usiku ule, maana na mimi nina watoto wanaosoma. Alinyamaza, akaisoma kanuni mara mbili, akasema, "Sawa, andikeni hivyo." Makala ikatoka na jina la mzee la tatu. Nilimpelekea nakala nyumbani, akiwa amekwisha staafu. Safari hii nilimwambia ukurasa kabla hajauliza.

Tahadhari kidogo

Msidhani kila kiitwacho toleo maalumu ni chema. Siku hizi mtu akichapisha makala moja tu, hupata barua pepe kila asubuhi zikimsifu na kumwalika achangie, au hata ahariri, toleo maalumu la jambo asilolijua. Nyingi ni biashara, na kinachotafutwa ni ada. Mwaka 2023 makala zaidi ya 8,000 za mchapishaji mmoja zilifutwa, nyingi zikiwa zimetoka katika matoleo maalumu yaliyoachiwa wahariri waalikwa bila usimamizi. Kwa hiyo kabla ya kukubali uliza: nani mhariri mkuu, na anajua kwamba jina lake limetumika? Wahakiki ni akina nani? Ada ni kiasi gani, na kuna msamaha kwa nchi zenye kipato kidogo? Majarida mengi ya heshima yanatoa msamaha huo, lakini ni lazima uuombe mapema.

Na asiwepo mtu wa kusema hana mahali pa kusoma majarida. Tangu mwaka 2002 uko mpango wa HINARI, chini ya Shirika la Afya Duniani, unaoziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Tatizo letu mara nyingi ni kwamba hatufungui.

Kwenu wanafunzi

Wadogo zangu, huenda mnajiuliza haya yanawahusu nini ninyi mnaowaza mtihani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi vya B, na kwamba katika maambukizo mapya ya dunia nzima, 63 katika kila 100 yalitokea katika Kanda ya Afrika. Kati ya wote wenye virusi, waliopimwa na kujijua walikuwa 13 tu katika kila 100. Kugongewa kengele na mtu asiyejijua, kama tulivyogongewa sisi, ni jambo linalotokea sasa hivi katika shule nyingi.

Si lazima wote muwe madaktari. Anayetunza daftari la maabara anachangia. Anayekausha mahindi juu ya turubai badala ya kuyatandaza chini ardhini anachangia. Na yule ambaye siku moja atapewa trei na majalada anachangia sana, kwa mema au kwa mabaya, kuliko atakavyoambiwa siku ya kuajiriwa. Kwa hiyo anzeni sasa na mambo matatu. Andikeni mlichokiona, si mlichotamani kukiona. Alama mnayoitumia ielezeni, ili mwingine asikigeuze kistari chenu kuwa neno msilolisema. Na mkiahidi tarehe, muitimize.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba gazeti la ukutani lilikufa miaka mingi iliyopita. Natoa pendekezo kwa Umoja wetu: tununue ubao, karatasi na gundi, tulifufue, na toleo maalumu la kwanza liwe juu ya ini. Kidato cha nne waulize zahanati yetu, kidato cha tatu wapime ghala la mahindi, na kidato cha pili, kama desturi, wamhoji mpishi. Mimi nitachangia fedha za mwaka mzima, na nitaandika makala moja. Tarehe aiweke Mkuu wa Shule mwenyewe. Nikichelewa, naomba nafasi yangu iachwe tupu, na jina langu liandikwe juu yake kwa herufi kubwa.

Naona pilau imekwisha iva.